Alama ya Kidole Kwenye Lenzi

Kengele ya mwisho ilipolia, Chiriku hakuwa na desturi ya kwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwanza karakana ya baba yake, chumba kirefu chenye madirisha mawili kilichobanwa kati ya fundi saa na stoo ya rangi. Mlangoni palitandikwa gunia lililoloweshwa maji. Hapo alifuta soli za viatu vyake mara tatu, kwa sababu mjomba wake hakutaka vumbi liingie ndani, na kwa jambo hilo hakuwa na utani na mtu.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio tu. Nyumbani, mtaani na hata darasani aliitwa Chiriku, kama yule ndege mpiga kelele, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Baba yake alizoea kusema, "Huyu akinyamaza, mwiteni daktari."

Katikati ya karakana palikuwa na mashine ya leza. Ilikuwa na ukubwa wa kitanda, ina mfuniko wa kioo cheusi na bomba nene la kutolea moshi dirishani. Kwa mashine hiyo walikata na kuchonga vibao vya milango, ngao za zawadi na mihuri. Mwenye karakana alikuwa baba. Aliyeiendesha mashine alikuwa mjomba, mdogo wake mama, ambaye mama alimlea tangu akiwa na miaka saba, wazazi wao walipofariki. Baba alimwita shemeji, naye alimwita baba shemeji, na kwa miaka sita walikula chakula cha mchana pamoja kwenye benchi moja.

Mjomba alikuwa na mikono ya ajabu. Kucha zake zilikatwa fupi, vidole vyake havikutetemeka hata kidogo. Kabla ya kugusa lenzi ya mashine alinawa kwa sabuni, akajikausha, akavaa glovu nyembamba, kisha akadondosha tone moja la spiriti kwenye pamba na kuiburuta pamba hiyo juu ya lenzi mara moja tu. Pamba ile hakuitumia tena. Aliitupa.

"Mjomba, mbona hata mtoto mchanga haogeshwi hivi?" Chiriku aliwahi kumuuliza.

Mjomba alicheka. Alimwonyesha lenzi ikiwa kwenye kitambaa cheupe. Ilikuwa ndogo kama kifungo cha koti, ya rangi ya manjano kama chai ya rangi iliyopoa.

"Mwanga wa leza una nguvu sana, lakini lenzi safi hauidhuru," alimwambia. "Unapita tu, kama mgeni aliyefunguliwa mlango. Shida ni uchafu. Vumbi au mafuta ya ngozi yako yanaumeza ule mwanga, yanapata joto. Joto hilo linachubua utando mwembamba uliopakwa juu ya lenzi. Sasa pale palipochubuka panameza mwanga zaidi kuliko mwanzo, joto linazidi, kidonda kinatanuka. Mwisho lenzi inapasuka."

"Kwa sababu ya uchafu mdogo tu?"

"Kwa sababu ya alama ya kidole. Kwa hiyo vidole vyako, mpwa wangu, viweke mfukoni."

Alhamisi moja Chiriku aliandamana na msichana aliyekaa naye dawati moja. Njia nzima Chiriku alikuwa akimsimulia habari za leza, na mwenzake alikuwa akimcheka.

"Kitu kidogo kama kifungo kikate plastiki? Chiriku, leo umezidisha chumvi."

Walipofika, baba alikuwa ametoka kwenda hospitali mpya kupima milango. Hospitali hiyo ilikuwa imeagiza vibao mia moja na ishirini, kazi kubwa kuliko zote zilizowahi kuingia karakanani hapo. Mashine ilikuwa imezimwa. Mkokoteni uliobeba plastiki za vibao ulikuwa ndio kwanza umefika, naye mjomba akatoka kwenda kusaidia kushusha.

"Kaeni kwenye benchi," alisema akipita mlangoni. "Msiguse kitu, nakuja sasa hivi."

Walikaa. Lakini mwenzake akamwegemea sikioni. "Iko wapi basi hiyo lenzi yako? Au ndiyo hadithi za sungura na fisi?"

Chiriku alisikia plastiki zikiburutwa nje na sauti ya mjomba ikisema, "Taratibu, taratibu." Akainuka, akafungua mfuniko, akalegeza ile pete ya shaba iliyoshikilia lenzi kama alivyomwona mjomba akifanya mara nyingi. Lenzi ikamdondokea kiganjani. Aliishika kati ya kidole gumba na cha shahada, akaielekeza dirishani.

"Unaona?"

"Mh! Kumbe ni kweli."

Dakika hiyo ndipo alipokumbuka kwamba baada ya kipindi cha michezo alikuwa amejipaka mafuta mikononi. Aliitazama lenzi. Palikuwa na ukungu, na ndani ya ukungu mistari myembamba iliyojikunja. Aliifuta kwa pindo la sweta lake, ukungu ukaenea. Nje mkokoteni ukaanza kuondoka. Alirudisha lenzi mahali pake kwa vidole vile vile, akakaza pete, akafunga mfuniko na kurudi kwenye benchi.

Mjomba aliingia na plastiki begani. "Leo chiriku wangu hana wimbo?" aliuliza.

"Nina njaa tu, mjomba."

Alijiambia kwamba haidhuru kitu, kwani mjomba angeisafisha asubuhi kama kawaida yake.

Kesho yake, alipotoka shule, alisikia sauti ya baba kabla hajafika kwenye gunia la mlangoni.

"Miaka sita! Miaka sita nakuamini, halafu unaniharibia siku ya kazi kubwa!"

Karakana ilinuka moshi. Feni ya kutolea moshi ilikuwa imezimwa. Kwenye meza, juu ya karatasi nyeupe, ililala lenzi, katikati ina doa jeusi lenye ukubwa wa punje ya mtama, na kutoka kwenye doa hilo ufa ulikuwa umekimbia mpaka ukingoni. Pembeni palikuwa na rundo la vibao vilivyoungua nusu, herufi zake zimeyeyukiana.

"Shemeji," mjomba alisema kwa sauti ya chini, "asubuhi nilikuomba dakika tano niikague lenzi. Wewe ukasema gari la hospitali linakuja saa nne, niwashe."

"Kwa sababu uliniambia umeisafisha jana mchana! Uliisafisha au hukuisafisha?"

"Niliisafisha."

"Basi imechafuliwa na jini?"

Mjomba alichukua kioo cha kukuzia, akaiinamia lenzi kwa muda mrefu. Alipoinua kichwa hakumtazama baba. Alimtazama Chiriku, usoni kwanza, kisha mikononi. Chiriku akaificha mikono nyuma ya sketi.

Ilikuwa nafasi ya kusema. Lakini uso wa baba ulikuwa umevimba kwa hasira, na Chiriku akafyata mkia.

"Unajua," baba alisema, "bora mtu akiri uzembe wake kuliko kunisukumia mimi lawama. Nenda nyumbani. Usirudi hapa mpaka nikuite."

"Unanifukuza, shemeji?"

"Nimesema nenda."

Mjomba alivua glovu, akazikunja moja ndani ya nyingine, akaziweka juu ya mashine. Alipita mlangoni bila kumgusa Chiriku kichwani, jambo alilolifanya kila siku.

Usiku huo baba na mama walizozana. Mama hakupandisha sauti.

"Ndugu yangu nimemlea mimi," alisema. "Hajawahi kuvunja hata kikombe akakaa kimya. Angekuwa hakuisafisha, angekuambia."

"Mama Chiriku, kazi ni kazi, undugu ni undugu."

"Haya. Nimekusikia."

Tangu siku hiyo mama alipakua chakula cha baba, akakifunika, akaenda kukaa nje. Walizungumza kuhusu maji, kuni na karo, basi. Watu wawili waliokuwa wakichekeana mpaka jirani wanauliza kulikoni, sasa walipishana kama abiria.

Hospitali ilipeleka kazi yake kwingine. Lenzi mpya iliagizwa mbali ikachukua wiki tatu kufika, na fundi mpya aliyeajiriwa alichonga jina la shule fulani kinyumenyume kwenye ngao arobaini. Baba alikonda. Naye mjomba alikwenda kuomba kazi kwenye karakana nyingine mbili zenye mashine ya leza pale mjini, lakini habari zilikuwa zimekwisha kumtangulia. "Huyu si yule aliyepasua lenzi ya shemeji yake?" waliulizana mbele yake kana kwamba hasikii.

Chiriku aliacha kupitia karakanani. Darasani alikaa kimya hata mwalimu akamuuliza kama anaumwa. Siku moja alimwambia mwenzake, "Nataka niseme."

Mwenzake aligeuka haraka. "Ukisema utanitaja? Mimi sikugusa kitu. Wewe ndiye uliyeitoa."

"Wewe ndiye uliyesema ni hadithi."

"Kusema ni kushika?" Akakusanya vitabu vyake, akahamia dawati la nyuma. Hakurudi tena.

Wiki ya tano, mama alimpa Chiriku kifurushi. "Mpelekee mjomba wako shati hili. Yuko kwenye kiwanda cha matofali nyuma ya soko. Na umwambie aje nyumbani ale. Mimi hanisikilizi."

Kiwanda chenyewe kilikuwa uwanja wa mchanga na saruji. Wanaume sita walikuwa wakichanganya zege kwa sepeto. Chiriku aliwapita wote bila kumtambua mjomba, mpaka alipoitwa.

"Mpwa wangu!"

Alikuwa mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi miguu. Alinyoosha mkono kupokea kifurushi, na Chiriku akauona. Saruji ilikuwa imeula. Ngozi ilichanika kwenye maungio ya vidole, kidole gumba kilifungwa kitambaa chenye damu iliyokauka, na mkono wenyewe, ule ambao haukujua kutetemeka, ulitetemeka kwa uchovu.

"Mama anasema uje ule," Chiriku alianza. "Mjomba, ni mimi. Lenzi niliitoa mimi. Niliishika kwa vidole."

"Najua," mjomba alisema.

Chiriku alimtazama asielewe.

"Alama iliungulia kwenye lenzi. Pembeni ya lile doa mistari ya kidole ilibaki, midogo. Baba yako ana kidole kama mhogo, changu nakijua. Ni nani mwingine anayeijua pete ile inavyofunguliwa?"

"Kwa nini hukusema?"

Mjomba aliketi juu ya tofali. Hakuwa na haraka, wala sauti yake haikuwa ya upole.

"Ningesema, baba yako angesema mtu mzima anajificha nyuma ya mtoto. Halafu nilitaka useme mwenyewe. Siku za kwanza nilikungoja kwa upendo. Nilisema, atakuja leo, huyu hawezi kunyamaza. Wiki ya pili nilikungoja kwa hasira. Baadaye sikukungoja tena."

Chiriku alilia. Alitaka mjomba amguse kichwani kama zamani, lakini yeye alibaki amekaa, mikono juu ya magoti.

"Futa machozi. Hapa umekuja kumwambia mtu anayejua. Nenda kwa asiyejua."

Chiriku alikimbia mpaka karakanani bila kusimama. Baba alikuwa peke yake, akisoma kitabu cha maelekezo ya mashine. Alimweleza yote: mwenzake, mafuta, sweta, benchi. Hakuacha kitu. Alisubiri kofi.

Kofi halikuja. Baba alifunga kitabu, akakaa akitazama mashine.

"Aliniomba dakika tano," alisema mwishowe, kana kwamba anaongea na mtu mwingine. "Dakika tano. Angeifungua, angeona uchafu, angeufuta. Nikamnyima, halafu nikamwita mzembe." Akajipangusa uso kwa viganja vyote viwili. "Wewe ulificha, mimi sikutaka kusikia. Inuka twende."

Walikwenda kwanza nyumbani. Chiriku alimwambia mama akiwa amesimama, kwa maana mama hakumwambia keti. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akakoroga sufuria, akakoroga tena.

"Wiki tano," alisema. "Wiki tano unaniona ninavyokaa pale nje."



Kesho yake asubuhi, Jumamosi, baba na Chiriku walikwenda kwenye kiwanda cha matofali. Baba hakumwita mjomba pembeni. Alisimama katikati ya mchanga, mbele ya wale wanaume wote.

"Shemeji, nilikutuhumu bure. Kosa la kwanza lilikuwa la mwanangu, la pili langu. Nisamehe."

Sepeto zilinyamaza. Kisha baba akamsukuma Chiriku mbele kidogo, naye akarudia maneno yake mbele ya watu wasiomjua. Kutoka hapo walizunguka kwenye zile karakana mbili. Baba alisalimia tu, kisha akasema, "Binti yangu ana neno." Kwa mwenye karakana wa kwanza, maneno ya Chiriku yalitoka yakikatikakatika. Wa pili, mzee mnene aliyevaa miwani kwenye paji la uso, alimsikiliza mpaka alipozitaja zile dakika tano, akakuna kidevu.

"Kwa hiyo yule kijana niliyemfukuza mlangoni ndiye aliyekuwa anaomba dakika tano za kukagua lenzi?" aliuliza. "Na mimi hapa nina watu wawili ambao nawapigia kelele wakague! Mwambieni aje Jumatatu."

Jioni mjomba alikuja nyumbani kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Alikuwa amevaa lile shati. Walikula wote wanne chumba kimoja. Baba alimtengea nafasi karibu yake.

"Rudi karakanani, shemeji," alisema. "Mahali pako pako pale pale. Na dakika tano zako, chukua hata saa nzima."

Mjomba alitabasamu kidogo, lakini alitikisa kichwa.

"Nimekusamehe, shemeji, wala sina kinyongo. Lakini nikirudi, siku kitu kikiharibika nitakuangalia wewe usoni kabla sijaiangalia mashine. Mtu hawezi kufanya kazi namna hiyo. Nitakwenda kwa yule mzee."

Baba aliinamisha kichwa.

Mjomba alipoaga, alimfikia Chiriku aliyekuwa amesimama karibu na mlango. Alimwekea mkono kichwani, mara moja, kwa kifupi. Ulikuwa mzito na ulikwaruza. Kisha akatoka.

Chiriku alimsaidia mama kukusanya vyombo. Walisuuza sahani mbili tatu.

"Mama, nimesema ukweli," Chiriku alinong'ona. "Mbona mambo hayakurudi kama zamani?"

Mama aliweka sahani kando, akamgeukia. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imara.

"Umesema, na nashukuru umesema. Usingesema, tungekuwa pabaya zaidi. Mjomba wako amepata jina lake, na mimi na baba yako tutaongea. Lakini usidhani ukweli ni dawa ya kunywa siku yoyote unayotaka. Ukweli una siku yake. Ijumaa ile ungefungua mdomo, tungelia tumepoteza lenzi. Baba yako angekufokea, labda angekuchapa, na Jumamosi mngekuwa mmekaa wote watatu kwenye lile benchi." Alichukua kitambaa, akafuta mikono ya Chiriku kidole kimoja kimoja. "Siku ile, mwanangu, ilikuwa lenzi tu."